Rekodi za Maktaba: Minyororo ya Cesena, Ngamia wa Garissa na Deni la Miaka 288

Maktaba zinapotajwa kwenye orodha za maajabu, husifiwa kwa ukubwa: zina vitabu milioni ngapi, ghorofa ngapi, zimegharimu kiasi gani. Orodha hii nimeipanga kwa kipimo kingine. Nimetafuta maktaba zilizovunja rekodi katika kumfikia msomaji: iliyotangulia kumfungulia mlango, iliyomfuata mbali, iliyomvumilia kwa muda mrefu, na ile iliyobaki wazi wakati shule za mji mzima zimefungwa. Katika miji mingi, maktaba ya umma ni moja ya nyumba chache ambamo mtu huingia bila kununua kitu na bila kuulizwa dini wala chama, akakaa kutwa, akatoka anajua jambo ambalo asubuhi hakulijua. Nyumba ya namna hiyo ipimwe kwa watu wanaoingia.

Ukubwa nitautaja kwanza kwa sababu ndio unaoulizwa kwanza, ila sitakaa hapo sana. Library of Congress ya Washington, iliyoanzishwa mwaka 1800, ina zaidi ya vitu milioni 170 ukichanganya vitabu, ramani, picha, nota za muziki na magazeti. Tangu mwaka 1966 ina ofisi Nairobi inayokusanya machapisho ya ukanda wetu, ya Kiswahili yakiwemo. Gazeti ambalo huku liliishia kufungia maandazi laweza kuwa limetunzwa salama ng'ambo ya Atlantiki, jambo linalonifariji na kunisikitisha kwa pamoja. Hata hivyo hiyo ni maktaba ya Bunge. Msomaji anakaribishwa kusomea ndani, lakini raia wa kawaida haazimi kitabu akaenda nacho nyumbani.

Kati ya zilizojengwa kwa ajili ya watu wa mji, Beijing ilifungua mwishoni mwa mwaka 2023 jengo lililochorwa na kampuni ya Snøhetta ya Norwe, lenye ukumbi wa kusomea unaotajwa kuwa miongoni mwa mikubwa kuliko yote duniani. Dubai ilifungua Maktaba ya Mohammed bin Rashid mwezi Juni 2022 kwa gharama ya dirhamu bilioni moja, na jengo lenyewe lina umbo la marfaa, kile kiegemeo cha msahafu, iliyofunguliwa. Mswahili yeyote aliyepita chuoni atalitambua kwa mbali, na ndugu zetu wanaoishi Ghuba wana sababu ya ziada ya kulitembelea.

Birmingham ndiyo inayonifanya nisiamini sana rekodi za ukubwa. Septemba 2013 mji huo ulipata maktaba ya umma kubwa kuliko zote Uingereza, kwa pauni milioni 188.8. Aliyeifungua ni Malala Yousafzai, msichana aliyepigwa risasi Pakistani kwa kutetea masomo ya wasichana, ambaye alikuwa amepelekwa Birmingham kutibiwa na familia yake ikahamia hapo. Mwaka 2015, bajeti ya jiji ilipobana, saa za kufungua zilikatwa kutoka 73 kwa wiki hadi 40. Hakuna tofali lililoondolewa, wala rafu iliyopunguzwa. Ila kwa mtu anayetoka kazini jioni, maktaba kubwa kuliko zote ikawa nyumba iliyofungwa.

Funguo na minyororo

Kwa ukongwe, wengi huitaja al-Qarawiyyin ya Fes, Moroko. Msikiti wake ulianza mwaka 859, na mapokeo yanampa sifa hiyo Fatima al-Fihri, binti wa mfanyabiashara aliyetoa urithi wake kwa ujenzi. Maktaba yake ilipochakaa katika miaka yetu hii, kazi ya kuikarabati alikabidhiwa Aziza Chaouni, msanifu majengo mwanamke, mzaliwa wa Fes. Chumba cha hati adimu kilikuwa na mlango wa chuma wenye kufuli nne, kila ufunguo ukiwa kwa mtu wake, ili asiwepo hata mmoja awezaye kuingia peke yake.

Cesena, mji mdogo wa Italia, una rekodi ambayo naiona nzito zaidi. Mtawala wake, Malatesta Novello, alijenga maktaba ndani ya nyumba ya watawa Wafransisko, ikafunguliwa mwaka 1454. Watawa walipewa ufunguo mmoja, na serikali ya mji ikapewa wa pili. Kwa hatua hiyo vitabu vikawa mali ya mji, na Biblioteca Malatestiana huhesabiwa kuwa maktaba ya kwanza ya raia barani Ulaya. Ukumbi wa kale ungali kama ulivyoachwa, pamoja na hati 343 zilizofungwa kwa minyororo kwenye madawati yake. Mnyororo huo usidhaniwe kuwa ukatili. Kitabu kimoja wakati huo kilinakiliwa kwa mkono kwa miezi mingi, na kukifunga palepale kulikuwa ahadi kwamba atakayekuja kesho atakikuta.

Nani alipe?

Swali gumu la maktaba ya umma tangu zamani ni fedha, na majibu yake ya kwanza yanashangaza. Afrika ina nafasi ya mbele hapa. Mwaka 1818, Gavana Lord Charles Somerset wa Koloni la Rasi alitangaza kodi juu ya mvinyo ili kuanzisha maktaba ya umma Cape Town, na maktaba hiyo ndiyo iliyokua ikawa sehemu ya Maktaba ya Taifa ya Afrika Kusini. Kila pipa lililouzwa lilichangia vitabu. Mwaka 1833, kijiji cha Peterborough katika jimbo la New Hampshire, Marekani, kilifanya kikao na kukubaliana kwamba sehemu ya fedha za umma inunue vitabu vya kusomwa na wote bure. Ndiyo inayotajwa kuwa maktaba ya kwanza duniani iliyokusudiwa tangu mwanzo kuendeshwa kwa kodi ya wananchi na kuwa wazi kwao bila malipo.

Uingereza ilipitisha sheria yake ya maktaba za umma mwaka 1850, baada ya mabishano makali bungeni. Wapinzani waliogopa gharama, na baadhi waliogopa wafanyakazi wenye kusoma sana. Sheria iliyotoka iliruhusu miji kutoza nusu peni kwa ajili ya jengo na watumishi, lakini haikuruhusu fedha hizo kununua vitabu. Vitabu vilipaswa kuombwa kwa wahisani. Manchester ilifungua yake mwaka 1852, Charles Dickens akiwa miongoni mwa wageni, na mkutubi wake wa kwanza alikuwa Edward Edwards, mtu aliyeanza maisha kama fundi mwashi. Miaka mitatu baadaye sheria ilibadilishwa, na vitabu vikaruhusiwa kununuliwa kwa kodi.

Mhisani aliyevunja rekodi zote ni Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani. Kati ya mwaka 1883 na 1929 fedha zake zilijenga maktaba 2,509 duniani, zaidi ya 1,600 zikiwa Marekani. Chanzo chake ni utoto. Alipokuwa kijana wa kupeleka simu za maandishi, tajiri mmoja wa Allegheny, Marekani, Kanali James Anderson, alikuwa akiwafungulia vijana wafanyakazi maktaba yake binafsi ya vitabu 400 kila Jumamosi. Baadaye wasimamizi walitaka vijana wasio wanagenzi wa ufundi walipie. Carnegie aliandika barua gazetini kupinga, akashinda, akaingia bure. Utajiri ulipokuja, alifanya kwa ulimwengu yale aliyofanyiwa na Anderson, kwa sharti moja la busara: mji utoe kiwanja na ukubali kutenga kila mwaka asilimia 10 ya gharama za ujenzi kwa uendeshaji. Sifa yake haikosi doa. Mwaka 1892 wafanyakazi wa kiwanda chake cha Homestead waliuawa katika mgomo, na iko miji iliyokataa fedha zake kwa sababu hiyo. Sitaki kuyafuta hayo kwa wingi wa rafu. Lakini sharti la asilimia 10 natamani kila mfadhili anayekata utepe Afrika Mashariki leo alisome, maana majengo tunayo, kinachokosekana mara nyingi ni mshahara wa mkutubi wa mwaka wa tano.

Fedha za Carnegie zilifika hata katika Bahari ya Hindi. Victoria, mji mkuu wa Shelisheli, ulipata Maktaba ya Carnegie mwaka 1910.

Mlango uliofungwa

Kwenye pwani yetu, Mombasa ndiyo yenye rekodi ya Kenya: Maktaba ya Seif bin Salim, iliyoanza mwaka 1903, ndiyo kongwe nchini. Ya pili kwa umri ni McMillan Memorial ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, na yenyewe ina rekodi ya peke yake. Linatajwa kuwa jengo pekee Kenya lililotungiwa sheria yake mahsusi ya kulilinda. Lucie McMillan alilijenga kumkumbuka mumewe, Sir William Northrup McMillan, Mmarekani mlowezi aliyefariki mwaka 1925, na shirika la Carnegie lilichangia. Nguzo za mawe, simba wawili mlangoni, na kwa miongo yake ya mwanzo Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Wanaume wa Kiafrika walibeba mawe ya nyumba ambayo watoto wao hawakuwa na ruhusa ya kufungua kitabu ndani yake. Mwaka 1962, uhuru ukikaribia, Halmashauri ya Jiji iliichukua na kuifungulia umma.

Mwaka 2017 wanawake wawili, mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka, walianzisha shirika la Book Bunk ili kuifufua McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Matawi yalikarabatiwa kwanza, na naona walichagua vyema: jengo la katikati ya jiji lina sheria ya kulitetea, ilhali mtoto wa Kaloleni ana tawi hilo tu. Filamu kuhusu kazi yao, iliyotengenezwa na Maia Lekow na Christopher King, ilionyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance mwaka 2025.

Ubaguzi wa mlangoni haukuwa wa makoloni peke yake. Tarehe 21 Agosti 1939, katika mji wa Alexandria, jimbo la Virginia, vijana watano weusi waliingia maktaba ya umma mmoja baada ya mwingine, wakaomba kadi, wakakataliwa. Kila mmoja alichukua kitabu rafuni, akaketi meza yake, akasoma kimya mpaka polisi walipofika kuwakamata. Aliyepanga mkakati ni wakili kijana, Samuel Wilbert Tucker. Ni moja ya migomo ya kuketi ya mwanzo kabisa katika historia ya haki za raia Marekani, miaka 20 na ushei kabla ya ile maarufu ya Greensboro. Mji ulijibu kwa kujenga maktaba ndogo ya watu weusi pembeni. Tucker alikataa kadi yake.

Tanganyika huru ilianza tofauti. Sheria ya huduma za maktaba ilitungwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kumbukumbu ya uhuru, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu jijini Dar es Salaam. Watu wasioweza kufika mjini walitumiwa vitabu kwa posta. Kisha ikaja kampeni ya elimu ya watu wazima. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika walikuwa takriban asilimia 67 mwaka 1967, na mwaka 1986 wakawa karibu asilimia 10. Hesabu za namna hiyo zina mabishano yake, lakini hata ukizipunguza bado ni kazi kubwa ambayo nchi chache zimeifanya kwa kasi hiyo. Serikali ilitambua jambo ambalo wengi hulisahau: mzee aliyejua kusoma Juni akikosa cha kusoma, Desemba amesahau. Ndipo yakaja magazeti ya vijijini, na maelfu ya maktaba za vijiji, nyingi zikiwa kabati moja katika ofisi ya kijiji au darasani. Kati ya rekodi zote za eneo letu, hii ndiyo ninayoionea fahari zaidi. Na ndiyo ninayoilia zaidi, kwa kuwa makabati mengi yale leo hayana kitu.

Iliyomfuata msomaji mbali zaidi

Mwaka 1996, Huduma ya Maktaba za Taifa ya Kenya ilianzisha Garissa maktaba inayobebwa na ngamia. Watu wa kule ni wafugaji, leo wapo hapa, kesho wamefuata malisho, na mahali pengi gari halipiti au mafuta yake hayalipiki. Msafara ulikuwa wa ngamia watatu. Mmoja alibebeshwa masanduku ya vitabu mia kadhaa, mwingine hema, na wafanyakazi walitembea kwa miguu. Wakifika, hema linasimamishwa, mikeka inatandikwa kivulini, vitabu vinapangwa, na watoto wa shule wanachagua. Vinaazimwa kwa wiki mbili, mpaka msafara urudi. Idadi ya ngamia iliongezeka baadaye, na huduma ikafika Wajir pia.

Kilichonigusa katika mpango ule ni kwamba haukumtaka mfugaji aache ufugaji ili asome. Maktaba ilijifunza mwendo wake. Ngamia alikuwa chombo cha usafiri kinachoaminiwa na wenyeji kuliko lori lolote, na anayemwongoza alijua visima vilipo. Kule Kolombia mwalimu Luis Soriano alifika kwenye wazo linalofanana na hilo: punda wake wawili, aliowaita Alfa na Beto, wamekuwa wakipeleka vitabu kwenye vijiji vya milimani vilivyoumizwa na vita. Norwe ilikuwa na meli, Epos, iliyozunguka visiwa na ghuba za magharibi kwa zaidi ya nusu karne hadi ilipositishwa mwaka 2020.

Deni refu kuliko yote

Rekodi ya dunia ya kuchelewesha kitabu ni miaka 288. Mwaka 1668 Kanali Robert Walpole, baba wa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza, aliazima kwenye maktaba ya chuo cha Sidney Sussex, Cambridge, kitabu cha Kijerumani kuhusu maaskofu wakuu wa Bremen. Kikapatikana katika maktaba ya jumba la familia na kurudishwa mwaka 1956. Hakuna aliyetozwa faini. George Washington naye aliazima kitabu cha sheria za mataifa kwenye maktaba ya New York Society mwezi Oktoba 1789, akiwa rais wa miezi michache, na wasimamizi wa nyumba yake ya kale wakalipa deni kwa nakala nyingine ya toleo lilelile mwaka 2010. Faini kubwa iliyowahi kulipwa, kwa mujibu wa vitabu vya rekodi, ni dola 345.14, kwa kitabu cha mashairi cha maktaba ya Kewanee, Illinois, kilichopaswa kurudi mwaka 1955.

Visa hivi huchekesha, lakini faini ndogo hufukuza wasomaji kweli, na kwanza huwafukuza maskini. Mtoto anayedaiwa na hana pesa hukaa mbali, na kitabu kinabaki uvunguni. Oktoba 2019 mji wa Chicago, Marekani, ulifuta faini zote za ucheleweshaji. Katika wiki chache zilizofuata vitabu vilivyorudishwa viliongezeka kwa asilimia 240. New York ilifuata mwaka 2021.

Iliyokatwa na mpaka

Maktaba ya Haskell, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, imekaa juu ya mpaka wa Marekani na Kanada kwa makusudi. Martha Haskell alitaka miji ya pande mbili iitumie pamoja. Mstari mweusi umepita sakafuni. Mlango uko Vermont, upande wa Marekani, vitabu vingi viko Quebec, upande wa Kanada, na kwa zaidi ya miaka mia Wakanada waliingia kwa kutembea hatua chache bila kuonyesha pasi. Marekani ilipowazuia raia wa Irani kuingia nchini humo, familia zilizotengana zilikutana hapo, mzazi upande mmoja wa mstari na mwana upande wa pili, wakakumbatiana kati ya rafu. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilibana matumizi ya mlango ule kwa Wakanada, na maktaba ikaanza kutafuta fedha za kuwatengenezea mlango wao.

Siku ya taabu

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni 1981, maktaba ya umma ya Jaffna, kaskazini mwa Sri Lanka, ilichomwa moto na kundi la watu wakiwemo polisi. Vitabu na hati takriban 97,000 viliteketea, baadhi zikiwa nakala pekee duniani za maandishi ya Kitamili. Mwasisi wake alikuwa ameianza miaka ya 1930 nyumbani kwake. Ilijengwa upya, ikafunguliwa mwaka 2003, lakini hati zile hazina mahali pa kununuliwa. Aliyechoma maktaba anajua vizuri thamani yake kwa jamii, pengine kuliko afisa anayeikatia bajeti.

Miaka 30 baadaye, Januari 2011, Misri ikiwa katika mapinduzi na polisi wametoweka mitaani, vijana wa Aleksandria walishikana mikono kuizunguka Bibliotheca Alexandrina, iliyofunguliwa mwaka 2002, wasije wahuni wakaivamia. Hakuna kioo kilichovunjwa. Rwanda, nchi iliyovunjwa na mauaji ya kimbari, ilipata maktaba yake ya kwanza ya umma jijini Kigali mwaka 2012, baada ya wanachama wa Rotary kuchangisha fedha kwa zaidi ya miaka kumi.

Na Agosti 2014, polisi alipomuua kijana Michael Brown huko Ferguson, Missouri, mji ulilipuka kwa maandamano na shule zikaahirishwa kufunguliwa. Maktaba ya mji, yenye mkutubi mmoja tu wa kudumu, Scott Bonner, haikufunga. Walimu walikuja kufundisha humo, watoto wakafurika mpaka madarasa yakahamishiwa kanisa la jirani. Novemba machafuko yaliporudi, ilifanya vivyo hivyo. Watu wasiomjua Bonner, kutoka pembe mbalimbali za dunia, walituma michango midogo midogo iliyozidi dola 300,000, karibu sawa na bajeti yake ya mwaka. Sehemu ya fedha hizo aliitumia kuajiri mkutubi wa watoto.